Mtama Uliopita Majivuni

Siku ya kuniaga kazini mliniletea keki, khanga na kalamu ya wino, na yule mdogo wenu wa dirisha la kadi akasema, "Mama, tuandikie uliyoyaona." Keki tuliimaliza palepale, khanga nimeshaifua mara tatu, ikabaki kalamu inanitazama. Basi naandika. Anayetaka habari za vyeo vyangu akatazame faili ofisini, kama panya wameliacha. Mimi nitawaeleza jinsi nilivyojifunza kazi ya presha, na kosa nililolifanya kwa mwandiko mzuri kabisa nikaligongea na muhuri.

Mimi ni mtoto wa Biharamulo mjini. Babu yangu alitoka pwani akifuata biashara ya nguo, akaoa huku na kuzikwa huku, lakini jikoni kwetu tuliendelea kuishi pwani: wali, chapati, maandazi, chai ya maziwa yenye tangawizi. Majirani zetu Wasubi walisonga ugali wa mtama, na sisi watoto tuliuita ugali mweusi na kukataa hata kuuonja. Marehemu mama alituchapa kwa kukosa adabu, ila naye hakuupika. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Nilisomea uuguzi, nikaongezewa kozi fupi ya lishe, nikapangiwa Ngara nikiwa nayajua majina ya vyakula vingi ambavyo sijawahi kuvitia mdomoni.

Wakimbizi walikuwa wameshaanza kuingia. Walitangulia Warundi, kisha wakavuka Wanyarwanda, watu wengi hata vilima nilivyozoea kuviona vya kijani vikageuka rangi ya maturubai. Wenzangu niliofika nao kambini walipelekwa kwenye mabanda ya kuhara, surua na malaria. Mimi nikapewa banda la mwisho, la wazee wenye presha, moyo na sukari. Niliona nimedharauliwa. Watu wanapigana na moto, mimi nimewekwa kulinda viti. Jioni ile nililia kidogo, nikanawa uso, nikalala.

Banda lile lilikuwa chini ya tabibu mmoja Mhaya, mzee Karumuna, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa babu aliyepanda kilima kutoka bombani, fimbo mkononi. Nikamkalisha, nikamfunga kitambaa cha mashine mkononi, nikakijaza upepo, nikasikiliza. Nilipoona zebaki iliposimama nikaruka: "Tabibu! Huyu anakufa!"

Karumuna hakuinua hata kichwa. "Umempima nani?"

"Huyu mzee."

"Hapana. Umepima kilima. Mwache akae."

Babu akakaa. Tukampima mwingine, na mwingine, kisha tukamrudia. Zebaki ikateremka mpaka mahali pa kawaida kabisa kwa mtu wa umri wake. Babu akanitazama kwa huruma, akaniambia pole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ninyi fanyeni hivyohivyo hata foleni ikiwafokea. Mgonjwa apumzike kwanza. Miguu ikae chini, mgongo uegemee, mkono uwe usawa wa moyo, asizungumze wala wewe usimsimulie habari. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Mashine yetu ilikuwa ya zebaki, ndani ya sanduku la bati, nami niliisafirisha imefungwa khanga na kupakatwa mapajani, maana barabara zile zingeweza kulegeza hata jino zima. Wazee wengi walikuwa wamekonda, kitambaa kikizunguka mkono mara mbili na kubaki. Kitambaa kipana kwenye mkono mwembamba husoma chini ya ukweli. Karumuna akampata fundi cherehani kambini, akashona kingine chembamba kwa kipimo chake, nasi tukakiita kitambaa cha njaa. Leo mna mashine zinazosoma zenyewe, lakini ukubwa wa kitambaa bado ni kazi ya macho yenu.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Kila mgonjwa mpya, kabla ya kumwandikia chochote, alimuuliza, "Kwenu mnapikaje?" Siyo mnakula nini. Mnapikaje. Kisha anakaa kusikiliza habari za kuloweka, kumenya, kuanika, kuchachusha, nani anakoroga na nani anapakua, huku foleni imefika mlangoni. Nilidhani ni ulafi wa mzee aliye mbali na mkewe. Mimi nikaliruka swali hilo kila aliponiachia banda.

Bibi Sesilia aliletwa na mkwewe, Melania. Walikuwa Warundi, wakulima. Bibi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha umsogelee. Mwanawe wa pekee, mume wa Melania, walikuwa wamepotezana naye njiani wakati wa kukimbia, na hakuna aliyekuwa na habari zake. Melania alikuwa na mimba changa. Siku ile ya kwanza nilimwuliza Bibi, kama tulivyowauliza wote, ni nini kinachomsumbua zaidi. Hakutaja kichwa wala miguu iliyovimba. Alimwonyesha Melania kwa kidevu.

"Huyu amebeba kilichobaki cha mwanangu. Mimi nataka nisife mpaka nikione."

Presha yake ilikuwa juu kweli, na haikuwa ya kilima. Karumuna akamwanzishia vidonge. Mimi nikapewa kazi ya kumfuatilia.

Sasa nirudi kwenye chakula. Mgao wa kambini ulikuwa mahindi, maharage, mafuta, chumvi, na wajawazito waliongezewa unga wa lishe. Chakula kilitosha kumweka mtu hai, lakini Warundi wa vilimani walinung'unika kwamba hakina mdomo, yaani hakisemi kitu kinywani. Bibi Sesilia alichukua sehemu ya mgao wake, akaenda na wenzake mpaka vijiji vya Mugoma kubadilishana na Wahangaza, wenyeji wa Ngara, akarudi na mtama mwekundu. Mtama ule una ukakasi wa kukausha ulimi. Wakulima wa huko wanaupenda kwa sababu ndege nao hawaupendi. Wanashambulia ule mweupe, mwekundu wanauacha mpaka unavunwa.

Miezi hiyo tukaitwa kwenye semina ya siku mbili pale Ngara mjini. Mkufunzi mmoja akatueleza habari za polifenoli, ndilo jina la wataalamu la vitu vilivyomo kwenye mimea, na vingi kati yavyo ndivyo vinavyotia rangi na ukakasi: kwenye mtama mwekundu, ganda la maharage, majani ya chai, kahawa, matunda mekundu, mboga za majani. Alisema vinaelekea kuisaidia mishipa ya damu ilegee na kupanuka vizuri, hivyo moyo usisukume kwa taabu. Alisema "vinaelekea." Neno hilo nililisikia vizuri, nikaliacha ukumbini pamoja na chupa tupu za soda. Nilichorudi nacho banda la mwisho ni kwamba ukakasi ni dawa, na kwamba mimi, niliyewekwa kulinda viti, sasa nina la kuwafundisha watu. Kipya kinyemi, wahenga walisema, ingawa kidonda.

Wiki ileile nikamtembelea Bibi Sesilia kwenye kibanda chake. Nilimkuta uani, ameinama juu ya beseni. Mtama wake ulikuwa umelowekwa kwenye maji ya majivu, maji yamegeuka mekundu ya kutisha, naye alikuwa anayamwaga chini ya mgomba aliouotesha pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, muganga. Karibu, kaa."

"Bibi, unafanya nini?"

"Naosha amasaka. Inarara ndani ya majivu, halafu naiosha, naiotesha, naianika, nafikicha mizizi, nasaga. Ndiyo chakura cha nyumba."

Mimi niliona mto wa dawa unapotelea mchangani. "Bibi, unamwaga dawa! Hiyo rangi ndiyo inayotakiwa na moyo wako. Majivu yanaiua. Saga mtama hivyohivyo, na maharage usimwage maji yake, na chai kunywa ya rangi."

Bibi akanyoosha mgongo taratibu. Akamtazama Melania aliyekuwa anachambua mboga mlangoni. "Na huyu?"

"Naye ale. Rangi haimdhuru mtu."

"Ale bira majivu?"

"Bila majivu, bibi."

Nikamwomba kadi yake ya kliniki, nikaandika chini ya orodha ya vidonge, kwa herufi zilizonyooka: *Mtama mwekundu kila siku. Usitie majivu. Usimwage maji mekundu.* Nilikuwa na muhuri wa banda mfukoni, nikapiga. Bibi aliupitisha ule muhuri kidole, akasema, "Ego," maana yake ndiyo. Kisha akachukua beseni lililobaki, akalisogeza mbali na majivu.

Ilipofika mwezi wa pili presha ya Bibi Sesilia ilianza kushuka. Mwezi wa tatu ikashuka zaidi, miguu ikarudi kuwa miguu. Nawaambia ukweli, nilitembea kambini nimetanguliza kifua. Nilikuwa namwita mbele ya foleni, "Bibi, waeleze wenzako unakula nini," naye anasema kwa sauti yake ya chini, "Mtama," wazee wanatikisa vichwa. Waliojua kuuandaa kwa majivu nikawaandikia waache. Karumuna aliniona, akaniuliza nilipokuwa nafunga sanduku la mashine, "Nini kingine kimebadilika kwa yule bibi?"

"Hakuna, tabibu."

"Umeuliza?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeuliza.

Kisha siku moja ya kliniki Bibi akachelewa. Alipofika alikuwa amemshika Melania mkono, na nilidhani mkwe ndiye anayemsindikiza mkwe mkubwa, kumbe ni kinyume. Melania alikuwa na mimba ya miezi saba na alipumzika mara tatu kutoka bombani, njia ambayo mtu mzima huipita anapiga soga. Nikamfunua jicho kwa chini: jeupe. Viganja vyeupe. Midomo nayo. Karumuna akamtoboa kidole, akadondosha tone la damu kwenye karatasi ya kulinganisha rangi, akaiweka mwangani. Kuna vyumba kadhaa vya wekundu kwenye karatasi ile. Tone la Melania lilikuwa halifanani na wekundu wowote ambao ningependa kuuona kwa mtu anayekwenda kujifungua.

Kule kambini damu ya kuongezewa ilikuwa ya kubahatisha. Mwanamke anayeshikwa na uchungu akiwa na damu kidogo namna ile, akimwaga ile ya kawaida tu ya kuzaa, tungeweza kumpoteza yeye na mtoto. Bibi Sesilia hakuhitaji kuelezwa. Alisimama nyuma ya kiti cha Melania, mkono begani kwake.

Karumuna akavuta kigoda. "Melania, kwenu mnapikaje?"

Akaeleza. Uji wa mtama asubuhi, ugali wa mtama jioni, haukuoshwa. Maharage na maji yake. Chai ya rangi kali mara tatu, na vidonge vyake vya kuongeza damu anavimezea kwa chai hiyohiyo kwa sababu vinanuka. Unga wa lishe? Unachanganywa humohumo kwenye uji wa mtama. Chungu ni kimoja.

"Nani aliwaambia msioshe?"

Melania akanitazama, kisha kwa adabu akatazama chini. Karumuna hakunigombeza mbele ya wagonjwa. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Alinitoa nje, akafuta miwani. "Ukakasi unaukausha ulimi kwa sababu unashika," akasema. "Kinachoshika ulimi kinashika na madini ya chuma yaliyo kwenye chakula na kwenye kidonge, kinapita nayo, damu inakosa. Mzee wa kiume mwenye damu yake hatajali sana. Mjamzito anajali. Wewe ulimwandikia mgonjwa mmoja, lakini hakuna anayekula peke yake katika nchi hii."

Niliona aibu iliyonifika miguuni. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa haraka, nilidhani nitaifuta aibu kwa haraka. Adhuhuri ileile nikaenda kibandani kwao na maagizo mapya: Melania apikiwe chungu chake, mbali, mahindi na unga wa lishe, mboga, chai marufuku karibu na chakula. Bibi aendelee na mtama wake.

Bibi Sesilia akakaa chini kabisa, mkekani. "Unasema nimtenge?"

"Simaanishi kumtenga, bibi. Ni chungu tu."

"Muganga, kwetu mke wa mwana anapika kwenye mafiga ya mama wa mume mpaka siku anapewa mafiga yake. Na anayempa mafiga ni mume na mama yake pamoja. Huyu mume wake hayupo. Nikimwambia leo pika chako, nimemwambia mume amekufa na hapa si kwako. Watu wote watasikia hivyo. Yeye mwenyewe atasikia hivyo."

Melania alikuwa amegeukia ukutani, analia. Nilikuwa nimekuja na dawa mara ya pili, na mara ya pili nimemwaga sumu. Hapo ndipo nikauliza swali la Karumuna.

"Bibi, kabla sijakuandikia mimi, mlikuwa mnapikaje?"

Akanieleza polepole, na mimi safari hii nilikaa. Mtama wa pombe haupiti majivuni sawa na wa chakula. Mtama wa mwanamume mzima unaweza kusagwa hivihivi njaa ikibana. Lakini wa mtoto na wa mwenye mimba lazima ulale majivuni, uoshwe mpaka maji yatoke meupe, uote, ukauke, ufikichwe, ndipo usagwe. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama wa mama yake. Ukakasi, alisema, unamla mwenye mimba.

"Ulijua?" nikamwuliza. Sauti yangu niliisikia imepanda. "Ulijua, bibi, mbona hukuniambia?"

"Nilikuuriza. Nikasema, na huyu? Ukasema ale."

"Ungekataa!"

Akaichomoa kadi kutoka kifuani, ilipokuwa imekunjwa ndani ya kipande cha nailoni, akaifungua magotini. "Hapa tunaishi kwa kadi. Mahindi ni kadi, turubai ni kadi, kidonge ni kadi. Mwenye kubishana na kadi anarara njaa. Wewe uriandika, ukapiga na hii." Akaweka kidole kwenye muhuri wangu. "Mimi ni mkurima. Nikafikiri labda damu ya kambini ni nyingine."

Nilitamani anitukane. Sijawahi kuona aibu kama ile, kabla wala baada. Mtu aliyeijua kazi yangu kuliko mimi aliacha elimu ya mama yake kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Kisha nikamwuliza na lingine, kwa kuwa sasa nilikuwa nimejifunza kuuliza: mtama wa Mugoma alikuwa anaupata kwa kutoa nini?

"Mahindi kidogo. Lakini Wahangaza wanataka sana chumvi. Chumvi yote inakwenda huko."

"Yote?"

"Yote. Sisi tumezoea sasa, tunakura bira chumvi."

Nilicheka, Mungu anisamehe, katikati ya msiba wangu. Miezi mitatu nilikuwa nauimba mtama mbele ya foleni, kumbe presha ya Bibi ilikuwa imeshushwa na vidonge alivyovimeza bila kukosa na chumvi aliyoacha kuila. Mtama huenda ulichangia. Kiasi gani, sijui hadi leo, na mtu akikwambia anajua kwa mgonjwa mmoja, muulize kama amepima kilima.

"Basi bibi, rudi kwenye majivu," nikamwambia. "Chungu kimoja, mafiga yaleyale. Oshea nyumba nzima."

Akatikisa kichwa. "Oya. Kadi inasema usitie majivu."

"Mimi ndiye niliyeandika!"

"Ndiyo. Na wazee wote walikuona. Wakiniona naweka majivu watasema Sesilia amemvunjia muganga kadi. Iandike upya pare ulipokuwa unanisifu."

Siku ya kliniki iliyofuata banda lilijaa. Niliamka mapema, nikajiambia nitalifanya kimyakimya pembeni, kisha nikaona Bibi amesimama mbele kabisa, kadi mkononi, hajakaa. Karumuna akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati. Nikasimama mbele ya foleni, nikawaeleza wazee wote kwamba nilikosea. Nilisema niliwakataza majivu bila kuuliza majivu yanafanya nini, kwamba mtama wa nyumba yenye mjamzito au mtoto uoshwe kama mama zao walivyouosha, chai ikae mbali na chakula, na vidonge vya damu vimezwe na maji au na juisi ya chungwa. Kisha nikaichukua kadi ya Bibi, nikaikata mistari yangu miwili ya makatazo kwa kalamu nyekundu, nikaandika chini yake: *Mtama upite majivuni, kama Bibi Sesilia anavyojua.* Nikapiga muhuri. Babu mmoja wa fimbo, yuleyule wa kilima, akasema kwa sauti, "Pole sana." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, na kazi ikaendelea. Siku nzima nilikata mistari kwenye kadi za watu.

Zilibaki wiki chache. Melania alikula chungu kilekile, mtama uliooshwa, mboga za majani, dagaa tulipowapata, mapera mabivu baada ya chakula, vidonge bila chai. Kila wiki Karumuna aliweka tone lake kwenye karatasi, nasi watatu tukainama kama watu wanaotafuta sindano. Wekundu ulipanda polepole. Haukufika pale tulipopenda ufike.

Alijifungua asubuhi, siku ya mgao, mtoto wa kike mwenye kelele. Damu ilimtoka zaidi ya kawaida, na kwa muda ambao sikuupima mimi na Bibi tulikaa nje kwenye benchi moja bila kutazamana, nami nilimwomba Mungu kwa jina nililofundishwa mimi, na yeye kwa lile alilofundishwa yeye. Kisha mkunga akatoka anakausha mikono. "Damu imemtoka," alisema, "ila alikuwa nayo." Bibi Sesilia akaniegemea begani na uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi.

Mengine ni ya kawaida. Nilifanya kazi kambini mpaka Karumuna alipostaafu, baadaye nikahamishiwa Biharamulo, nikazunguka Kaniha na kwingineko na mashine yangu, mpaka mliponikuta mkaanza kuniita Mama Presha. Sikuacha kuwafundisha watu habari za vyakula vyenye rangi. Mboga, maharage, matunda, mtama, kahawa kwa kiasi: moyo unavishukuru, na ninyi fundisheni. Ila chakula ni rafiki wa kidonge, si mrithi wake. Anayemwachisha mgonjwa vidonge kwa sababu ya uji atanikuta mlangoni kwake. Na ugali mweusi nimejifunza kuula. Mwanzoni niliula kama adhabu, sasa nyumbani kwangu wajukuu ndio wanaolalamika, na mimi nawachapa kwa kukosa adabu.

Siku Warundi wa eneo la kina Bibi Sesilia walipoanza kurudi kwao, nilikwenda kuaga. Mume wa Melania alikuwa hajapatikana. Magari yalikuwa yanapakia, Melania ameshika mafiga matatu ndani ya gunia, maana Bibi alikataa kuyaacha, na yule binti alikuwa ameshakuwa mtu wa kubeba kibuyu chake mwenyewe. Nikampima Bibi mara ya mwisho, amekaa juu ya mzigo, miguu chini, nikamkabidhi vidonge vya kumfikisha, na barua ya hospitali ya huko.

Akaingiza mkono kifuani, akatoa kadi. "Chukua wewe."

"Bibi, utaihitaji njiani."

"Barua ninayo. Hii kaa nayo, muganga. Mimi hayo ninayajua."

Ninayo mpaka leo, kwenye kopo la chai, pamoja na miwani ya Karumuna yenye uzi, ambayo mjane wake alinipa. Mkija nitawaonyesha. Nilikata kwa kalamu nyekundu na kwa nguvu zangu zote, lakini mistari ile bado inasomeka.